Ufadhili wa masomo au mafunzo ya kiangazi katika ujasusi wa Marekani: kipi kinamfaa kijana wako?

Mzazi Mswahili anayeishi Columbus, Minneapolis au Louisville akisikia kwamba serikali ya Marekani hulipia masomo ya vijana wanaotaka kufanya kazi katika idara za ujasusi, huuliza kwanza: wanatoa kiasi gani? Hilo liwe swali la pili. La kwanza ni upekuzi, yaani uchunguzi wa maisha ya mwombaji kabla hajaaminiwa na siri za serikali, unafanywa lini. Je, ni kabla kijana hajapokea hata senti, au ni baada ya fedha kuliwa na deni kumkaa shingoni?

Programu hizi zote zina mlango mmoja mgumu. Kwa baadhi uko mbele: unapekuliwa mwaka mzima, ukipita unalipiwa, na kazi inakusubiri. Kwa nyingine uko nyuma: unalipiwa mapema, unasoma, halafu unatoka na cheti mkononi kwenda kutafuta kazi serikalini mwenyewe, huku saa inahesabu. Dola zinaweza kulingana, lakini maisha baada ya chuo hayalingani kabisa.

Uraia, kabla ya yote

CIA, NSA (Idara ya Usalama wa Taifa) na FBI huchukua raia wa Marekani tu. Aliyepata uraia kwa kuapishwa yuko sawa na aliyezaliwa humo, ila grinikadi peke yake haitoshi. Boren, ufadhili wa kusoma lugha nje ya nchi, pia ni ya raia, tena uwe raia siku unayotuma maombi. CyberCorps, ufadhili wa masomo ya usalama wa kompyuta, humpokea mwenye grinikadi, lakini kuna tahadhari tutakayoieleza huko mbele.

Hapa wengi wetu hujifungia mlango bila sababu, kwa kuwa wapo vijana ambao ni raia na hawajui. Sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, inasema mtoto mwenye grinikadi aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani chini ya ulezi wa mzazi ambaye ni raia, huwa raia papo hapo. Haapishwi wala hajazi ombi la uraia. Kwa hiyo mama wa Kikongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akaapishwa wakati binti yake ana miaka 16, amempa binti uraia siku ileile. Kinachokosekana ni karatasi tu. Binti aombe pasipoti ya Marekani, apeleke cheti cha uraia cha mama, grinikadi yake na cheti cha kuzaliwa. Lakini mama akichelewa mpaka binti atimize miaka 18, njia hiyo imekwisha. Itabidi binti aombe uraia mwenyewe baada ya kutimiza miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, ambayo kwa mkimbizi kwa kawaida huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Ikiwa mwanao yuko kidato cha pili au cha tatu na wewe umeshafikisha muda wa kuomba, usingoje.

Kwa ufupi, kando kwa kando

| Programu | Inatoa nini | Upekuzi | Deni la utumishi (muda wa kuitumikia serikali) |
|---|---|---|---|
| Stokes (NSA) | Ada hadi dola 30,000 kwa mwaka, pamoja na mshahara | Kabla ya kuanza | Mara 1.5 ya muda uliosomeshwa |
| Boren, shahada ya kwanza | Hadi dola 25,000 za kusoma lugha nje ya nchi | Baadaye, ukipata kazi inayoutaka | Angalau mwaka 1 |
| CyberCorps | Ada, na posho ya dola 27,000 kwa mwaka (37,000 kwa shahada za juu) | Baadaye, kulingana na kazi | Sawa na muda uliolipiwa |
| Mafunzo ya kiangazi (FBI, CIA, NSA) | Mshahara wa muda wa mafunzo | Kabla ya kuanza | Hakuna |

Viwango hivi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma tangazo la mwaka unaoomba.

Stokes na CIA: kapekuliwe kwanza

Stokes, ufadhili wa NSA, ilianzishwa mwaka 1986, na imebeba jina la Louis Stokes, mbunge wa kwanza Mweusi kutoka Ohio, ambaye pia aliongoza kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi. Ni ya mwanafunzi aliye mwaka wa mwisho wa sekondari anayekwenda kusomea sayansi ya kompyuta, au uhandisi wa kompyuta au wa umeme. Anayetaka historia, sheria au lugha atafute kwingine. Maombi hupokelewa kuanzia mwanzo wa Septemba hadi mwisho wa Oktoba, yaani karibu mwaka mzima kabla ya kuingia chuo. Mwanafunzi anayeanza kuulizia mwezi wa tatu, wakati wenzake wanapokea barua za vyuo, ameshachelewa.

Kila kiangazi anakwenda Fort Meade, Maryland, makao makuu ya NSA, kufanya kazi wiki 12. Akimaliza chuo anaingia kazini moja kwa moja, bila kusambaza barua za maombi popote. Kwa familia isiyo na mtu wa kumshika mkono mtoto katika soko la ajira, hilo lina thamani kuliko ada yenyewe.

Sasa hesabu deni. Mara moja na nusu ya miaka minne ni miaka sita. Aliyesaini akiwa na miaka 18 anakuwa huru akiwa na 28. Katikati hapo ataishi karibu na ofisi, na safari zake za nje, hata ya harusi ya dada yake Mombasa, atazitolea taarifa na kuombea ruhusa kabla ya kusafiri. Akibadili fani, akishuka chini ya wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au akiacha kazi kabla ya muda, atadaiwa fedha. Jambo hili mzazi alizungumze na kijana mezani, wakiwa na karatasi na kalamu, kwa sababu mtoto wa miaka 17 akiambiwa "miaka sita" haoni uzito wake mpaka ahesabu umri atakaokuwa nao.

CIA nayo ina ufadhili wa shahada ya kwanza wenye kanuni ileile ya mara moja na nusu na kazi ya kila kiangazi. Tofauti yake ni kwamba hutazama pia uhitaji wa kifedha wa familia. Jambo jingine la CIA ambalo kwetu ni mtihani ni kuwa mwombaji anashauriwa kutomtangazia mtu kwamba ameomba. Kwetu habari njema ya mtoto hufika kwa shangazi Tanga na kwa mjomba Maskati kabla haijapoa. Mkubaliane nyumbani mapema nani anajua, na ikomee hapo. Isiandikwe kwenye kundi la ukoo la WhatsApp.

Boren na CyberCorps: fedha kwanza, kazi utaitafuta

Boren imetokana na sheria ya mwaka 1991 iliyosukumwa na seneta David Boren wa Oklahoma. Humpeleka mwanafunzi nje kujifunza lugha ambazo serikali inazihitaji, na Kiswahili ni mojawapo. Muda ukiwa wiki 25 au zaidi ndipo unafikia dola 25,000. Muda mfupi hulipwa pungufu. Kuna mpango maalumu wa lugha za Afrika ambapo mwanafunzi wa Kiswahili huanza na masomo ya kiangazi katika Chuo Kikuu cha Florida, kisha huenda Tanzania. Anayeomba ufadhili wa shahada ya kwanza hupitia kwa mwakilishi wa Boren chuoni kwake, na chuo huwa na tarehe yake ya ndani iliyo mapema kuliko ile ya taifa. Wanaoikosa huwa wameitazama ya taifa tu.

Watu wengi hufikiri mwenye Boren anatumwa kupeleleza. Sheria yenyewe inakataza: mpokeaji hatumiwi na idara ya kijasusi kwa kazi yoyote wakati anasoma kwa fedha hizo. Jambo hili kijana alielewe vizuri na aweze kulieleza kwa Kiswahili safi, kwa kuwa akiwa Arusha ataulizwa.

Deni la Boren ni jepesi kwa muda. Ni angalau mwaka mmoja serikalini, uanze ndani ya miaka mitatu baada ya kuhitimu kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Kinachotakiwa zaidi ni kazi katika Wizara ya Ulinzi, Mambo ya Nje, Usalama wa Ndani au idara za ujasusi. Uzito wake uko kwingine: hakuna anayekupa kazi. Unaomba kama watu wengine, na usipopata unarudisha fedha pamoja na riba. Januari 2025 serikali kuu ilisimamisha ajira mpya za kiraia, ikiziacha kando kazi za usalama wa taifa, na waliokuwa na deni la utumishi wakajikuta milango mingi imefungwa huku muda wao unakwenda. Kwa hiyo mwenye Boren asisubiri kuhitimu. Aanze kuomba mwaka mmoja kabla, na aombe kazi nyingi zikiwemo zisizohitaji kibali cha juu cha usalama, kwani zipo zinazolipa deni vilevile.

Swali linalokuja mara kwa mara: kijana aliyekulia na Kiswahili nyumbani anaweza kuomba Boren ya Kiswahili? Hazuiwi, ila atabanwa aeleze ataongeza nini. Anayesikia kila kitu lakini hajawahi kuandika insha ya Kiswahili ana hoja nzuri, nayo ni kusoma na kuandika katika kiwango cha kitaaluma. Anayeandika vizuri tayari anafaidika zaidi akichagua lugha nyingine, mathalani Kiarabu, huku Kiswahili akikiweka mfukoni kama nyongeza. Na asiyetaka deni lolote aangalie ufadhili wa lugha muhimu wa Wizara ya Mambo ya Nje, maarufu kama CLS. Ni wa kiangazi kimoja tu, Kiswahili chake kimekuwa kikifundishwa Arusha, na ukirudi hudaiwi utumishi.

CyberCorps ni ya usalama wa kompyuta, na haiombwi serikalini. Inaombwa kwenye chuo kilichopewa fedha za programu hiyo, kwa hiyo ukichagua chuo kisichokuwemo umejitoa mwenyewe. Hulipia hadi miaka mitatu, na ukilipiwa miwili unatumikia miwili. Tahadhari tuliyoiahidi ni hii: mwenye grinikadi anaingia, anasoma, analipiwa, kisha anakuta nafasi nyingi za serikali kuu zinataka uraia. Ikiwa uraia wako hautakuwa umepatikana kufikia siku ya kuhitimu, piga hesabu hiyo kabla ya kusaini. Deni la utumishi lisilolipwa hugeuzwa kuwa mkopo wa kawaida wa wanafunzi, na mkopo huo una riba.

Mafunzo ya kiangazi, bila ufadhili

Kwa maoni yetu, kijana asiye na uhakika aanzie hapa. Mafunzo ya heshima ya FBI ni wiki kumi za kiangazi, yana malipo, na yanataka GPA ya 3.0. Maombi hufanywa majira ya vuli ya mwaka uliotangulia. NSA nayo ina mafunzo mengi, yakiwemo ya lugha na hisabati, na CIA vilevile. Hayana deni. Ukimaliza wiki zako na kuona kazi haikufai, unakwenda zako.

Usidhani kuwa kwa sababu ni ya muda mfupi upekuzi ni mwepesi. Fomu ni ileile, mahojiano ni yaleyale, na mashine ya kupima uongo ni ileile. Ndiyo maana maombi yanakuja mapema hivyo. Lakini jiwekee akilini kwamba aliyepita upekuzi wa kiangazi ana faida kubwa akija kuomba kazi ya kudumu, maana sehemu ngumu ameshaimaliza.

Bangi imewatoa wengi. Kwamba jimbo lako limeiruhusu haibadilishi kitu, kwa kuwa idara hizi zinafuata sheria ya serikali kuu. FBI hutaka uwe hujaitumia kwa namna yoyote ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, na pipi zenye bangi zinahesabiwa.

Fomu: kaka yako ni nani?

Hapa ndipo familia zetu hukwama, si kwa sababu zina la kuficha, ila kwa sababu fomu imetungwa kwa ukoo wa namna nyingine.

Fomu ya upekuzi huitwa SF-86. Ina sehemu ya ndugu wa damu na wa ndoa: wazazi, wazazi wa kambo, ndugu wa baba na mama mmoja, ndugu wa mzazi mmoja, wakwe, hai na marehemu. Kisha kuna sehemu nyingine ya watu wasio raia wa Marekani ambao una mawasiliano nao ya karibu na ya kudumu katika miaka saba iliyopita. Kijana wetu akiulizwa ana kaka wangapi, anajibu sita. Wawili ni wa baba na mama mmoja naye. Mmoja ni wa baba kwa mke mwingine. Watatu ni watoto wa baba mkubwa, aliokua nao nyumba moja. Kwetu wote ni kaka, na ni kweli. Kwenye fomu, wawili ni ndugu kamili, mmoja ni wa mzazi mmoja, na watatu ni binamu, ambao hawaingii sehemu ya ndugu hata kidogo. Wakiwa si raia na anawasiliana nao kila wiki, wanakwenda kwenye sehemu ya mawasiliano. Akiwaandika wote kama ndugu kamili, kisha mpekuzi akasoma majalada ya uhamiaji ya baba na kukuta watoto wanne tu, yeye akiwemo, kijana ataonekana amedanganya.

Majina nayo yana mtego. Mzanzibari huandika jina lake, la baba, kisha la babu, kwa hiyo jina la mwisho la baba si jina la mwisho la mtoto. Wakongo wawili wa tumbo moja huweza kuwa na majina ya ukoo tofauti kabisa. Na wapo waliopewa tarehe 1 Januari kambini kwa kuwa hakuna aliyejua siku halisi. Hakuna kosa katika lolote kati ya haya. Kosa ni kuandika tahajia moja hapa na nyingine pale. Chukua daftari, ukae na mama na baba jioni mbili tatu, uandike kwa kila mtu jina kama lilivyo kwenye grinikadi au pasipoti yake, tahajia nyingine zilizowahi kutumika, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia wake wa sasa, anwani na kazi. Fomu ina nafasi ya maelezo ya ziada. Hapo ndipo unapoeleza kwamba tarehe iliandikwa kambini.

Fedha zinaulizwa pia. Kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani, iandike, hata kama ni dola 50 za bibi kila mwezi. Kiwanja ulichonunua Kigamboni kwa jina lako kiandike. Uraia mwingine uandike: Kenya inauruhusu tangu katiba ya 2010, Tanzania humwondolea uraia mtu mzima anayechukua wa nchi nyingine, na Kongo nayo hairuhusu uraia mwingine. Kuwa na uraia wa pili si sababu ya kukataliwa peke yake. Kinachofanya watu wakataliwe ni kuficha, na kusema uongo kwa makusudi kwenye fomu hii ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano.

Habari njema kwa wadogo: makazi ya kabla ya kutimiza miaka 18 hayahitajiki, isipokuwa yale ya kukamilisha angalau miaka miwili ya historia. Huhitaji kutafuta jirani wa utotoni Kigoma wa kukutolea ushahidi. Kijana wa kiume ahakikishe amejisajili kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, kwa kuwa fomu inauliza.

Kiswahili kinapimwaje

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwapangia wanadiplomasia wake wiki 36 za darasani ili wakimudu Kiswahili kikazi. Kijana wetu anacho tayari, au anadhani anacho. Serikali hupima lugha kwa ngazi kuanzia 0 hadi 5, na ngazi ya 3 ndiyo ya kufanyia kazi. Kuongea na mama jikoni hakumfikishi mtu hapo.

Chukua ujumbe huu: "Mzee kasema mzigo ushafika, tukutane saa mbili usiku palepale pa jana." Kijana aliyekulia Minneapolis ataelewa kila neno, kisha ataandika kwa Kiingereza kwamba wanakutana saa 2:00 usiku, yaani wakati watu wamelala. Saa mbili usiku ni 8:00. Tayari tafsiri imekosea kwa saa sita. Akiandika kwamba mzee ni baba wa msemaji, amebuni, maana mzee huweza kuwa baba, tajiri, kiongozi au mtu yeyote anayeheshimiwa, na mfasiri mzuri huacha swali hilo wazi na kuliwekea maelezo. "Ushafika" nayo inataka uangalifu: jambo limekwisha kutokea, si kwamba litatokea.

Njia ya kujiandaa ni rahisi na haina gharama. Kila siku asome habari moja ya gazeti la Dar es Salaam na moja ya Nairobi, aiandike upya kwa Kiingereza, kisha amsomee mtu mzima anayezijua lugha zote mbili. Aliyetoka Bukavu au Lubumbashi ana faida ya Kifaransa na ya kusikia Kiswahili ambacho Mtanzania hakisikii. Ataje lugha zote hizo kwenye maombi, kila moja kwa jina lake, pamoja na Kibembe, Kifuliru au Kinyarwanda kama anazijua.

Nani achague nini

Mwenye kichwa cha kompyuta, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, raia, na anayejua kwa dhati anataka kazi hii: Stokes. Aliye chuoni tayari katika fani ya kompyuta na chuo chake kimo: CyberCorps, bora uraia uwe mkononi. Anayependa lugha na siasa za dunia, na asiyeogopa kutafuta kazi mwenyewe: Boren. Mwenye shaka, au mwenye ndugu wengi nje na asiyejua upekuzi utamchukuaje: mafunzo ya kiangazi kwanza, kwa sababu akikataliwa hadaiwi chochote. Ni bora kujua hilo ukiwa mwaka wa pili wa chuo bila deni kuliko kulijua baada ya kuhitimu.

Ukiacha CyberCorps inayoombwa chuoni, maombi hufanywa kwenye tovuti za serikali zenyewe, zinazoishia na .gov, au kwenye tovuti rasmi za programu ambazo hizo za .gov zinakuelekeza. Hakuna ada ya kuomba. Anayekuandikia WhatsApp kwamba ana mtu wake ndani na anataka dola 200 za fomu ni tapeli, hata kama anaongea Kiswahili cha nyumbani kwenu. Daftari la ndugu lianze Juni, ili Septemba madirisha yakifunguliwa uwe umebakiza kuandika insha na kuomba walimu barua zao.